Kisukari cha watoto wa Pwani kichunguzwe hapa hapa Pwani

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie utafiti wa kisukari cha watoto, jambo ambalo wasomaji wengi hulisikia pale tu inapotangazwa dawa mpya ya ng'ambo. Mimi nilihudumu miaka mingi katika wodi za watoto hapa Mombasa kabla ya kustaafu, na naona kwamba linatuhusu kwa namna tofauti na tunavyoelezwa.

Tulifunzwa chuoni kwamba kisukari cha aina ya kwanza hutokea pale kinga ya mwili, badala ya kupambana na viini vya maradhi, inapozigeukia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, homoni inayodhibiti sukari kwenye damu, na kuziangamiza kidogo kidogo. Ndiyo maana kikawekwa kundi moja na lupasi na baridi yabisi ya watoto. Mashambulizi hayo huacha alama kwenye damu, yaani kingamwili maalumu ambazo watafiti walizieleza mwaka 1974, na ambazo huweza kuonekana miezi au hata miaka kabla mtoto hajaanza kunywa maji bila kukata kiu.

Dawa zinazosifiwa leo zimesimama juu ya maelezo hayo. Teplizumab, iliyoidhinishwa Marekani Novemba 2022 kwa wenye umri wa kuanzia miaka 8, huizuia kinga isiendelee kushambulia, na katika majaribio ilichelewesha ugonjwa kwa takriban miaka miwili. (Bei yake ilitangazwa kuwa karibu dola 194,000 kwa mgonjwa mmoja, nani kwetu atazilipa, sijui.) Kule Australia, baricitinib, ambayo ni dawa ya baridi yabisi, ilipopewa vijana waliogunduliwa kuwa na kisukari siku za karibuni, kongosho zao ziliendelea kutoa insulini kuliko za wenzao wasiopewa. Nayo Italia ilipitisha sheria mwaka 2023 ya kuwapima watoto wazima wa afya ili kingamwili hizo zigunduliwe mapema.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini kwa karibu watoto na vijana 900 ambao madaktari walikuwa wamewaandika kuwa na kisukari cha aina ya kwanza. Takriban 65 kati ya kila 100 hawakuwa na kingamwili hata moja kati ya zile zilizotafutwa. Maumbile yao ya kurithi hayakufanana na ya wagonjwa wa aina ya kwanza wanaojulikana Ulaya, wala hawakuwa na sura ya aina ya pili, ile inayoandamana na unene. Kwa maneno mengine, wengi wao wanaumwa kisukari ambacho huenda hakikusababishwa na kinga ya mwili hata kidogo, na dawa ya kuituliza kinga haielekei kuwafaa.

Nataka mzazi anayesoma barua hii anielewe vizuri: habari hizi hazimaanishi kwamba mtoto anaweza kuachishwa insulini. Watoto hao pia kongosho zao zimepungukiwa na insulini, na anayeiacha kwa kusikia kwamba "ugonjwa wake si ule" anajitia hatarini.

Utafiti wa Kenya haukuwamo katika kazi hiyo, nami sioni sababu ya kuendelea kukosekana. Kilifi, mwendo mfupi kutoka hapa, kuna kituo cha KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, kinachoshirikiana na shirika la Wellcome la Uingereza tangu 1989, ambacho jina lake linajulikana duniani kwa kazi ya malaria na chanjo. Watu wenye ujuzi wapo, maabara ipo, na watoto wa kuchunguzwa, kwa bahati mbaya, wapo pia. Wanasayansi wanajiuliza kama utapiamlo wa utotoni, au maambukizi, au kitu katika mazingira ndicho kinacholidhoofisha kongosho. Maswali ya namna hiyo hayawezi kujibiwa kwa damu ya mtoto wa Helsinki kule Ulaya.

Tena tumeshaona faida ya utafiti unaofanywa ulipo ugonjwa. Kwa miaka mingi tuliwaambia akina mama wa Mtongwe na Kongowea wasio na friji kwamba insulini lazima ikae kwenye ubaridi, nao wakawa wanaitia chupa ndani ya chungu kidogo kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga wenye unyevu. Kisha shirika la Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva wakapima joto la nyumba katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaunti ya Garissa, wakaijaribu insulini katika joto hilo linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, na mwaka 2021 wakaonyesha kwamba ilihifadhi nguvu yake kwa wiki nne. Chungu cha mama kilitosha.

Lakini hakuna utafiti utakaomfikia mtoto asiyegunduliwa. Nimewapokea watoto wakihema kwa nguvu, midomo imekauka, pumzi zikinuka mfano wa embe lililoiva kupita kiasi, na mama mkononi ana karatasi ya dawa za malaria aliyoandikiwa kwingine. Tone moja la damu kwenye mashine ya sukari lingetosha kumwambia muuguzi ukweli, ila mashine haikuwa na vijiti, au hakuna aliyefikiri kwamba mtoto mwembamba anaweza kuwa na sukari.

Ninachoomba kwa idara ya afya ya kaunti na kwa watafiti wetu ni hivi. Zahanati isikose vijiti vya kupimia sukari, na mtoto anayekojoa sana, anayekonda au anayehema apimwe siku hiyo hiyo. Akigunduliwa, na mzazi akikubali baada ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa, damu yake ichunguzwe kingamwili na kiwango cha insulini ambayo mwili wake bado unatengeneza, iandikwe katika daftari moja la Pwani nzima, na mzazi aitwe kupewa majibu. Kazi hiyo inaweza kuanzia kwenye kliniki za kisukari za watoto zilizopo, kwa wagonjwa ambao tayari wanakuja kuchukua insulini.

Muuguzi mstaafu,
Kisauni, Mombasa