Fungueni viwanja vya shule wakati wa likizo ndefu

Mhariri,

Likizo ya Novemba na Desemba inakaribia, nami, mama wa kijana wa miaka 15 hapa Kibera, nimeanza kukosa usingizi. Nilipoulizia kambi moja ya likizo jijini, ada ya wiki moja ilizidi kodi yangu ya nyumba ya mwezi mzima. Nani kwetu ataimudu?

Wakati huohuo wa likizo shule za umma hufungwa kwa kufuli. Viwanja, madarasa, mabomba ya maji, vyote hulala. Wizara ya Elimu na Kaunti ya Nairobi zikubaliane kufungua hata shule moja kila wadi, asubuhi hadi alasiri. Watoto wacheze kandanda, wajifunze kushona na huduma ya kwanza. Walimu wasio na ajira tunao mtaani, walipwe marupurupu. Githeri tutapika sisi wazazi kwa zamu, kama tunavyopika kwenye matanga.

Tena kambi ya maskauti ya Rowallan iko jirani, ina msitu na nafasi ya mahema. Siku tatu pale, ada ikiwekwa shilingi 300 tu, mwanangu angezikumbuka hadi uzeeni.

Mzazi,
Kibera, Nairobi