Shukrani za Familia ya Marehemu Mama Sista wa Majengo, Pumwani

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Sisi watoto, wajukuu na ndugu wa marehemu mama yetu, ambaye Majengo nzima ilimjua kwa jina la Mama Sista, tunatoa shukrani zetu za dhati kwa kila aliyesimama nasi tangu alipolazwa hadi tulipomzika katika makaburi ya Waislamu ya Kariokor. Tulitamani kupita mlango kwa mlango. Ila mlikuwa wengi, na wengine mlituma mchango bila kutaja jina, basi zipokeeni salamu hizi kama kwamba tumefika kwenu sote.

Mama alituacha alfajiri ya Alhamisi. Kufikia adhuhuri alikuwa ameshaoshwa, ameshakafiniwa, na jeneza liko Msikiti wa Riyadha likisubiri kuswaliwa. Anayeijua Nairobi anajua saa chache hizo zinabeba nini: kibali cha mazishi, gari la kumtoa hospitali, sanda, kaburi, simu kwa jamaa walio mbali. Hatukuinuka mkekani kwa hata moja kati ya hayo. Vijana wa mtaa waligawana kazi wenyewe, na tulikuja kupata habari mambo yameshakwisha. Enyi akina mama mliomwosha, Mwenyezi Mungu awalipe. Mliuosha polepole ule mkono wake wa kushoto, wenye mshipa uliokuwa ukitumika kusafishia damu, kana kwamba bado unamuuma. Dada yetu mdogo alikuwa amesimama pale na aliona. Hatutalisahau.

Wauguzi wenzake, wastaafu na walio kazini, asanteni. Mlijipanga pande zote mbili za uchochoro mkiwa na sare zenu, na wengi wenu, ingawa ni Wakristo, mlijitanda leso vichwani kwa heshima ya msiba wetu. Mama alizaliwa mwaka 1957 katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, ile iliyopo tangu 1926, na baada ya kuhitimu uuguzi katika chuo cha mafunzo ya afya cha KMTC akarudi kuzalisha kina mama katika wodi zilezile. Miongoni mwa waliobeba jeneza walikuwemo wanaume aliowapokea yeye kwa mikono yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mama aliajiriwa na Msalaba Mwekundu wa kimataifa kwenda Lopiding, hospitali iliyokuwa Lokichoggio, Turkana, karibu na mpaka wa Sudan. Majeruhi wa vita vya kusini mwa Sudan waliletwa kwa ndege, wengine wakiwa na majeraha ya siku nyingi. Huko ndiko alikoshika kanuni ambayo hakuiacha tena: jeraha la risasi halishonwi siku ya kwanza. Huoshwa, nyama iliyokufa hukatwa, likafungwa kwa shashi nyingi na kuachwa bila kushonwa. Baada ya siku nne au tano likifunguliwa na kuonekana safi, ndipo linashonwa. Mafundi wa soko la Gikomba waliowahi kubisha kwetu usiku na vidole vilivyochanwa na mabati wanamkumbuka alivyokataa kuwashona haraka haraka, akawasafisha, akawafunga, akawapeleka hospitali yeye mwenyewe.

Kutoka huko akaenda kuuguza Riyadh, Saudi Arabia, mkataba baada ya mkataba, hadi 2007. Hapa ndipo shukrani zetu zinaporudi nyuma miaka mingi, na tunaomba mtuvumilie, kwa sababu deni hili Mama mwenyewe alitaka lilipwe hadharani. Watu husema mtoto wa muuguzi aliye ughaibuni hana shida. Pesa zilikuja, kweli. Mahujaji walituletea nguo, na kaseti ambazo Mama alijirekodi akituuliza habari za shule, mmoja mmoja kwa jina, akiacha kimya kidogo baada ya kila swali ili tupate nafasi ya kujibu. Lakini pesa haziamki usiku kumkanda mtoto mwenye homa. Aliyeamka ni Nyanya, na Nyanya alipochoka aliamka jirani yetu wa mlango wa pili, ambaye leo ni mzee na amekataa katakata tumtaje jina. Mama jirani, wewe ndiye uliyetusuka nywele za Idi. Wewe ndiye uliyekwenda shuleni kusaini ripoti zetu. Kila mgonjwa aliyehudumiwa na mama yetu kule Riyadh, sehemu ya thawabu zake ni zako, na tunaamini hivyo kwa dhati.

Nyanya alipopatwa na kiharusi, Mama alivunja mkataba na kurudi. Wapo waliomshauri aendelee kutuma pesa na aajiri mtu. Alisema hajafundishwa kazi ile ili aifanyie watu baki peke yao. Akanunua daftari la kurasa 96, akalifunga kwa uzi kwenye mguu wa kitanda, na kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, likaandikwa: kulia, chali, kushoto, na jina la aliyemgeuza. Hata sisi tuliotoka kazini tumechoka tulipewa zamu. Nyanya alilala kitandani miaka kumi, na alipofariki mwaka 2017 hakuwa na kidonda hata kimoja mgongoni. Anayeuguza mtu wa kiharusi nyumbani anajua ni kazi gani tunayoizungumzia. Mama hakupenda kusikia kazi hiyo ikiitwa kukaa tu nyumbani, na sisi pia hatupendi.

Katikati ya miaka hiyo, mwaka 2015, Umoja wa Afrika ulikuwa ukipeleka wahudumu wa afya kupambana na Ebola Afrika Magharibi, na Wakenya walikuwa miongoni mwao. Mama akajiandikisha, akapangiwa Sierra Leone. Sisi tulimpinga. Ugonjwa ule uliua zaidi ya watu 11,000, wakiwemo mamia ya madaktari na wauguzi, na yeye alikuwa anakaribia miaka sitini. Akatuuliza, "Mnataka aende nani, yule mwenye mtoto wa kunyonya?" Mamdogo akahamia kwetu na kulishika lile daftari hadi dada yake aliporudi. Na aliporudi alikaa kando siku 21, akijipima joto asubuhi na jioni, wajukuu wakimwamkia kutoka upande wa pili wa ua. Mamdogo, safari ile ilikuwa yenu wawili. Majirani ambao hamkutukimbia siku zile, bali mliuliza mkaelezwa, kisha mkaendelea kutuuzia maziwa na kutuamkia, tunawashukuru leo kwa sauti ambayo wakati ule hatukuwa nayo.

Presha ndiyo iliyomuharibu figo. Alikuwa akimeza dawa na kujipima, na bado ikamfikisha kwenye dayalisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, muda wa saa nne kila kipindi, mara mbili kwa wiki. Kila asubuhi kabla ya uji aliweka vidole viwili juu ya mshipa wa mkono kuhisi kama bado unatetemeka, kwa kuwa ukinyamaza maana yake damu imeganda. Akiuhisi, alisema "Alhamdulillahi, upo," ndipo akaomba kikombe. Bima ya afya ilibeba vipindi vyenyewe. Sindano za kuongeza damu, vipimo na nauli za teksi mlizibeba nyinyi, ndugu wa kikundi cha WhatsApp, kwa mia mbili mbili na mia tano tano. Mweka hazina wetu alituma hesabu kila Ijumaa na hakuna shilingi iliyopotea. Waliojitolea damu, dereva wa teksi aliyekataa nauli ya kurudi, wauguzi wa kitengo cha figo mliomwita "mwalimu" na kumwachia achague kiti cha dirishani, jazakumullahu kheri.

Kwa imamu na maustadhi waliosimamia swala na hitma, kwa padri wa jirani aliyekuja kukaa nasi kwenye hema siku zote tatu, kwa chama cha akina mama waliopika na kuosha sufuria bila sisi kuwanunulia hata kiberiti, kwa jamaa waliosafiri kutoka Mombasa, Nakuru na Arusha, na kwa wenzake Mama wa Riyadh waliopiga simu usiku wakilia pamoja nasi: tumewapokea, na tumefarijika. Tunamwomba Mwenyezi Mungu amghufirie mama yetu, amkunjulie kaburi lake, na awape nanyi watu wa kuwashika siku zenu za dhiki.

Dua ya arobaini itasomwa nyumbani kwetu Majengo baada ya swala ya alasiri, na siku tutaitangaza msikitini. Wote mnakaribishwa, Waislamu na wasio Waislamu.

Yeyote anayemdai marehemu, iwe ni pesa, kitu au ahadi, tafadhali amfuate kaka yetu mkubwa kabla ya siku hiyo. Hatutahitaji shahidi kwa deni dogo.

Kitanda cha kukunja, godoro la hewa, kiti cha magurudumu na mashine ya kupima presha bado viko nyumbani. Mama aliusia visiuzwe. Aliye na mgonjwa na aje avichukue avitumie mpaka atakapomaliza, kisha avirudishe ili apewe mwingine. Hakuna malipo. Asiyejua namna ya kumgeuza mgonjwa, dada yetu mdogo atakwenda naye hadi nyumbani kumwonyesha.

Wabillahi tawfiq.

Ni sisi watoto wa marehemu, kwa niaba ya familia nzima,
Majengo, Pumwani, Nairobi