Barua kwa mwanangu aliye Pittsburgh: 55 kwa 27

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Huku Amu tu wazima, kusi limelegea na bahari imetulia.

Picha ya ule ukuta uliobaki wa Forbes Field, uwanja wa zamani wa besiboli, nimeipata. Unashangaa watu wazima wanabeba viti kila tarehe 13 Oktoba, wanakaa mbele ya matofali na kusikiliza utangazaji wa mechi ya mwaka 1960 ambayo mwisho wake wanaujua. Na hesabu haikuingii: katika fainali ile Yankees wa New York walipata pointi 55, Pirates wa Pittsburgh 27, kisha ubingwa ukaenda kwa wenye 27.

Fainali ni mechi saba, anayetangulia kushinda nne ndiye bingwa, na pointi za mechi moja hazivuki kwenda nyingine. (Pointi ni mpigaji kuzunguka vituo vyote na kurudi alipoanzia.) Ni kama mbio za punda wakati wa Maulidi: atangulie kwa kichwa tu au awaache wenzake mtaa mzima, zawadi ni ile ile. Yankees walishinda tatu, 16-3, 10-0 na 12-0. Pirates walishinda nne, 6-4, 3-2, 5-2 na 10-9. Jumlisha tofauti za hizo nne uone: pointi saba basi.

Ila usije ukadhani ni bahati tupu, wala usidanganywe kwamba Pirates walikuwa kuku wa kufa. Msimu ule walishinda mechi 95, Yankees 97. Kilichowatenga ni jina: Yankees walichukua ubingwa mara nane kati ya 1947 na 1958, na Pirates hawakuuona tangu 1925.

Besiboli ni mchezo wa mkono wa mrushaji, yule anayemrushia mpira mpigaji wa upande wa pili. Kila upande una zamu tisa za kupiga, na zamu hufa wapigaji watatu wakishatolewa. Enzi zile, akirusha zamu zote tisa, mkono ulipewa angalau siku tatu za kupumzika. Ukimrudisha kabla, mpira unapungua kasi na unakaa juu, usawa wa kiuno, pale pale mpigaji anapoutaka. Kwa hiyo kocha huipanga mikono kama nahodha anavyopima maji ya safari. Tazama tarehe. Vernon Law wa Pirates alianza tarehe 5, akarudi tarehe 9, akarudi tena tarehe 13: mechi ya kwanza, ya nne na ya saba, kila mara na siku zake tatu kamili. Roy Face, aliyekuwa akiletwa mwishoni kufunga mlango, hakuguswa katika zile mechi tatu zilizopotea. Mechi ikishaharibika waliiacha iharibike. Hapo ndipo zile 16, 10 na 12 zilipotoka, na ndiyo sababu sizihesabu kuwa aibu.

Upande wa pili, kocha Casey Stengel alikuwa na Whitey Ford, mrushaji wake bora, akamweka mpaka mechi ya tatu. Mechi ya kwanza alimpa Art Ditmar, aliyetolewa zamu ya kwanza akiwa amemwondoa mpigaji mmoja tu. Ford alipopewa mpira, tarehe 8 na tarehe 12, hakuruhusu hata pointi moja. Lakini aliyerusha zamu tisa tarehe 12 hawezi kuanza tarehe 13. Angeanzishwa tarehe 5, angefuata kalenda ile ile ya Law. Siku chache baada ya fainali Stengel aliachishwa kazi.

Sasa zamu ya nane ya mechi ya saba. Yankees wanaongoza 7-4. Gino Cimoli wa Pirates yuko kituo cha kwanza. Bill Virdon anapiga mpira wa chini, moja kwa moja kwa Tony Kubek wa Yankees, anayelinda kati ya kituo cha pili na cha tatu. Huo ni mpira wa kuwaondoa wawili kwa mpigo: unaudaka, unatupa cha pili, cha pili wanatupa cha kwanza. Ila uwanja wa Forbes Field ulikuwa mgumu kama sakafu. Mpira uligonga pasipo sawa, ukaruka, ukampiga Kubek kooni. Akaanguka na kutolewa. Badala ya wawili kuondoka, wawili wako vituoni na hakuna aliyetoka.

Hilo halikuwa kosa la mtu. Lililofuata lilikuwa. Pirates walikwisha kuongeza pointi moja, 7-5. Wawili walikwisha kutolewa, bado mmoja zamu ife, na Roberto Clemente akapiga kimpira dhaifu upande wa kulia. Bill Skowron akaacha kituo cha kwanza kuufuata. Mlinzi akitoka, mrushaji ndiye anayekwenda kukaa pale, na aanze mbio mpira unapogongwa tu, asisubiri kuona. Jim Coates alichelewa. Skowron akabaki na mpira mkononi, hana wa kumtupia. 7-6. Kisha Hal Smith akaupiga ukavuka ukuta na wenzake wawili wakiwa vituoni, wote watatu wakahesabiwa, 9-7.

Yankees walisawazisha, 9-9. Zamu ya mwisho ikafunguliwa na Bill Mazeroski, mtu aliyejulikana kwa kudaka kuliko kupiga. Mpira wa pili wa Ralph Terry, mrushaji wa Yankees, ulikaa juu. Mwenzake Yogi Berra, aliyelinda kule kushoto, aliufuata kwa macho mpaka ukapotea nyuma ya ukuta. Ilikuwa mara ya kwanza fainali hiyo kumalizwa kwa pigo la namna hiyo.

Mwakani nenda na kiti chako. Kuna alama kwenye njia ya miguu inayoonyesha ulipopitia mpira. Utangazaji huanzishwa kwa hesabu, ili pigo la Mazeroski lisikike saa tisa na dakika 36 alasiri, saa ile ile lilipopigwa. Wewe fika mapema, uiwahi zamu ya nane, usikilize wanavyonyamaza Clemente anapokimbia.

Wasalaam,
Mamako, Langoni