Mdogo wangu, kabla vibonzo vyako havijatembea, mtazame Little Nemo

Mdogo wangu,

Kwa kuwa unataka vibonzo vyako vitembee, anza na Little Nemo, filamu ya mwaka 1911 ya mchora vibonzo Mmarekani Winsor McCay. Aliitoa kwenye kibonzo chake mwenyewe chenye jina hilo, kilichoanza Oktoba 1905 katika gazeti la New York Herald. Sehemu yenye waigizaji, iliyoongozwa na J. Stuart Blackton wa kampuni ya Vitagraph, waweza kuipitia haraka. Michoro ikianza, tulia uangalie.

Hakuna kisa hapo. Flip na Impie, wahusika wa kibonzo hicho, wanarefuka na kubonyea, mvulana Nemo anamchora binti mfalme, kisha joka linawabeba wote wawili wakiwa wamekaa ndani ya kinywa chake. McCay alichora picha zipatazo 4,000 kwa wino mweusi kwenye karatasi ya mchele, nyembamba kiasi kwamba mchoro wa chini unaonekana. Kila karatasi aliitia alama ili zote zikae mahali pamoja, akazibandika kwenye kadibodi kabla ya kuzipiga picha. Kwa picha 16 kwa sekunde, kazi yote hiyo inakupa dakika nne na kidogo tu.

Sasa angalia nyuma ya wahusika: patupu. Kila mstari ulichorwa upya, kwa hiyo lazima utikisike kidogo. Kwenye uwazi jicho halina kitu kilichotulia cha kulinganisha nacho. Ungeweka nyumba pale na kuinakili kila mara, nayo ingetetemeka kama ina homa. Karatasi angavu zinazoruhusu mandhari ibaki moja zilikuja baadaye, mchoraji wa katuni Earl Hurd alipoziombea hataza mwaka 1914. Kwa hiyo wewe pia acha nyuma wazi kwanza.

Chora sekunde tano kwa picha 12 kila sekunde, yaani karatasi 60. Toboa matundu mawili juu ya kila karatasi na uzivishe kwenye vijiti vilivyogandishwa mezani. Karatasi ikisogea milimita moja tu, mhusika ataruka kwenye skrini. Usichore 1, 2, 3 mfululizo, maana kosa dogo la kila karatasi linajilimbikiza na kichwa kinavimba bila wewe kujua. Chora 1, 13 na 25, halafu 7 na 19, kisha ujaze katikati. McCay mwenyewe alitumia njia ya namna hii kwenye filamu yake nyingine, Gertie, mwaka 1914.

Ukipiga picha kwa simu, funga fokasi na mwanga, na uzibe dirisha utumie taa. Wingu likipita juani, filamu nzima itapepesa, na hilo ni gumu kulirekebisha baadaye.

Rangi iache. McCay aliipaka kwa mkono juu ya mkanda wenyewe wa milimita 35, fremu kwa fremu, mwendo ukiwa umeshakamilika. Nitumie hizo 60 zikiwa nyeusi na nyeupe, pamoja na zile ulizozitupa.