Risala ya Klabu ya TEHAMA kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Taaluma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana katika meza yetu. Utakachokiona ni zana ya mazoezi ya Fizikia na Hisabati inayofunguka ndani ya kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti kama Chrome, bila kupakua programu nyingine yoyote. Shuleni zipo simu za Android za kila umri, kompyuta za maabara, na vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya mwaka 2022 kabla ya kugawiwa walimu. Kivinjari ndicho kitu pekee vinavyoshirikiana. Tumetumia HTML, CSS na JavaScript tu, lugha ambazo kila kivinjari huzielewa. Mazoezi mengi yaliyojengwa kwa Flash, programu-jalizi ya zamani ya michoro na michezo, yalizimika Adobe ilipoacha kuihudumia mwishoni mwa 2020, na hatutaki kurudi huko.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kinachoua zana za namna hii ni mtandao kukatika mwanafunzi akiwa katikati ya zoezi. Jibu likisubiri seva, yaani kompyuta ya maabara inayokusanya majibu, ilipokee ndipo lihifadhiwe, limepotea. Kwa hiyo kila jibu huandikwa kwanza kwenye IndexedDB, yaani ghala lililomo ndani ya kivinjari chenyewe, kisha hutumwa mtandao ukirudi. Kila jibu hupewa namba ya pekee hapo hapo kwenye simu, kwa sababu hutokea seva ikapokea, taarifa ya kupokea ikapotea njiani, na simu ikatuma tena. Bila namba hiyo mwanafunzi huhesabiwa mara mbili.

Kurasa nazo hutunzwa na sevisi woka, hati ya JavaScript inayosimama kati ya ukurasa na mtandao. Hapa pana mtego unaowanasa wengi: sevisi woka haifanyi kazi bila HTTPS, yaani mawasiliano yaliyofungwa kwa usimbaji na kuthibitishwa kwa cheti, isipokuwa kwenye kompyuta ile ile inayoendesha seva. Fundi akijaribu kwenye kompyuta ya maabara, kila kitu kinakwenda. Simu za darasani zikiingia kwa anwani ya mtandao wa ndani inayoanza na 192.168, ambayo haina HTTPS, zinagoma kimyakimya. Dawa ni kuwa na jina halisi la intaneti, kupata cheti cha bure cha Let's Encrypt kwa uthibitisho wa DNS (mfumo wa majina ya intaneti), halafu kuelekeza jina hilo kwenye kompyuta ya maabara. Cheti hicho hakizidi siku 90, hivyo kujisasisha kwake lazima kupangwe mapema.

Kwenye iPhone, kivinjari cha Safari hufuta ghala la tovuti isiyoguswa kwa siku 7 za matumizi ya kivinjari hicho. Mwenye simu hiyo aiweke zana kwenye skrini ya mwanzo ili ghala lake lisifutwe.

Jaribio lenye alama husahihishwa kwenye seva. Majibu yakikaa kwenye ukurasa, mwanafunzi mjanja atafungua msimbo ayasome (na wajanja hawakosekani). Muda nao hatuuhesabu kwa sekunde za ukurasa, kwani kichupo kikiwa nyuma Chrome huweza kuichelewesha taima, yaani kipima muda cha ukurasa, hadi iamke mara moja tu kwa dakika. Seva hutoa saa ya kumaliza, na muda uliobaki hukokotolewa upya kila mara.

Kuhusu bando, picha ya MB 4 tunaipunguza hadi upana wa pikseli 1000 katika muundo wa WebP, nayo kwa kawaida hushuka chini ya KB 200. Badala ya video tunaweka sauti iliyobanwa kwa muundo wa Opus, ya kilobiti 24 kwa sekunde: maelezo ya dakika 10 hayafiki MB 2. Mchoro mzuri na sauti ya mwalimu vinatosha mada nyingi.

Kwa kuzingatia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, tunahifadhi namba ya mwanafunzi na alama zake tu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi matatu. La kwanza ni ada ya mwaka ya jina la intaneti la shule, linaloishia na sc.tz. La pili ni UPS, kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme kwa muda, maana umeme ukikatika seva ikiwa inaandika, hifadhidata huweza kuharibika. La tatu halihitaji fedha nyingi ila ndilo zito: walimu wa masomo wapangiwe muda wa kuhakiki maswali. Swali lenye nukta ya desimali iliyokosewa husahihishwa vibaya kwa darasa zima, na kompyuta haishtuki.

Tunaomba kuwasilisha.