Barua ya wazi kwa Afisa wetu wa Elimu: tunaomba ufunguo

Mheshimiwa,

Salamu kutoka Eastlands. Mimi ni mwalimu wa fizikia na mlezi wa klabu ya sayansi. Hii ni barua ya nne kuhusu ufunguo wa maabara yetu; tatu za kwanza naamini zimelala salama kwenye faili zako.

Alhamisi ulitutembelea. Wasichana wa kidato cha tatu walikuwa wamekuandalia tanga la chombo cha angani, la kusukumwa na mwanga: karatasi ya plastiki inayong'aa kama fedha, imewambwa kwa vijiti vya mishikaki. (Nilipoandika "matanga" kwenye ratiba, mwalimu mkuu aliniuliza nani amefariki.) Zamu yao ilipofika, karatasi ilikuwa imefunika sinia la sambusa za wageni. Nawe ukacheka: "Tangu lini mwanga ukasukuma kitu? Hiyo ni tochi tu."

Unasukuma, mheshimiwa. Kidogo mno, lakini unasukuma, na kioo kinachourudisha husukumwa mara mbili ya kitu kinachoumeza. Leza ya gigawati 1 ikipiga kioo safi hukisukuma kwa niutoni 6.7 hivi, yaani uzito usiofika robo tatu ya kilo ya unga. Mpango wa Breakthrough Starshot, wa kutuma vyombo vidogo hadi nyota jirani, uliotangazwa 2016 na tajiri Yuri Milner akiwa na mwanafizikia Stephen Hawking, ulikusudia leza za gigawati 100. Kenya nzima, jioni kila mtu amewasha stima, haifiki 3. Na zote hizo 100 zingesukuma kwa uzito wa mtu mzima mmoja, kilo 68.

"Sasa faida iko wapi?" msichana mmoja aliniuliza. Faida ni kwamba chombo chenyewe ni cha gramu chache. Kikisukumwa hivyo kwa dakika chache kinafikia moja ya tano ya mwendo wa mwanga, na nyota jirani ya Alpha Centauri, iliyo umbali wa miaka ya mwanga 4.37, inakuwa safari ya miaka 20 na ushee. Roketi hubeba mafuta, na mafuta yanataka mafuta mengine ya kuyabeba. Tanga limeacha injini nyumbani. Wajapani walishalijaribu la mwanga wa jua, IKAROS, mwaka 2010, likapita karibu na Zuhura.

Tuna kinu cha mwanga, tufe la kioo lililofyonzwa hewa, lenye mabawa manne ndani, kila bawa jeusi upande mmoja na la kung'aa upande wa pili. Nilikinunua kwa pesa zangu, nikakipakata kwenye matatu kutoka Ngong Road huku makanga akitaka nilipie viti viwili. Tulipokimulika kikazunguka, darasa zima likashangilia, ila mmoja wa nyuma: "Mwalimu, kinazunguka kinyume." Kweli. Ingekuwa ni msukumo wa mwanga, upande wa kung'aa ndio ungekimbia. Ulikimbia mweusi. Ni hewa kidogo iliyobaki ndani, ikipata joto, inayotudanganya. Mwanafizikia Lebedev kule Moscow alihangaika na hewa hiyohiyo hadi akaupima msukumo wenyewe, matokeo yakatoka 1901.

Nataka watoto waunde kinu chao, wafyonze hewa, waone kinaanza kuzunguka lini. Pampu tunayo! Iko kwenye maabara uliyoikatia utepe mwaka juzi, bado kwenye boksi, nyuma ya magunia ya maharagwe. Naiona kupitia dirishani. Siku ileile ufunguo ulichukuliwa na ofisi yako "kwa usalama", nawe ukaahidi utarudi kabla muhula haujaisha. Hukusema muhula upi, nakubali.

Wengine wanasema ni ukaguzi. Wengine, mkandarasi hajalipwa. Mimi nadhani umepotea na kuna mtu anaogopa kukuambia.

Hatuombi maabara nyingine, wala hotuba. Hata karatasi ya sambusa tumesamehe. Tunaomba ufunguo. Kama haupo, tupe ruhusa ya maandishi tukate kufuli. Msumeno nitaazima mwenyewe. Mlinzi wa lango huwepo hadi saa kumi na mbili jioni, unaweza kumwachia yeye. Hata bila bahasha.

Wako mtiifu, bado,
Mwalimu wa fizikia