Wafanyakazi wa Juba na Goma wako wapi kwenye ripoti za kampuni zetu?

Mhariri,

Kampuni ya Nairobi ikitangaza kwamba imeingia nchi jirani yenye vita, tunashangilia kana kwamba Harambee Stars imefunga bao. Benki ya KCB ilifika Juba mwaka wa 2006, benki ya Equity ikafuata. Leo zote mbili ziko Kongo, KCB kupitia benki ya huko ya TMB na Equity kupitia benki ya BCDC. Safaricom nayo ilifungua huduma zake Ethiopia mwaka wa 2022, kabla vita vya Tigray havijamalizika. Mimi ni mwanahisa mdogo katika mojawapo ya kampuni hizi na gawio hulipokea bila kinyongo. Ila kuna jambo ambalo hatuambiwi.

Desemba 2015, Sudan Kusini ilipoacha kuilinda thamani ya pauni yake, dola iliruka kutoka karibu pauni 3 hadi zaidi ya 18 kwa mkupuo mmoja. Hasara ya namna hiyo wanahisa huelezwa kwa marefu na mapana. Lakini Julai 2016 risasi zilipolia Juba na Wakenya wakarudishwa nyumbani kwa ndege, karani na bawabu ambao ni wenyeji wa huko walibaki na nani? Na Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma, Kongo, na benki zikafunga milango, je, mshahara wa waliokaa nyumbani uliendelea kulipwa? Huenda walitunzwa vizuri sana. Basi tuambiwe.

Siulizi bure. Lafarge, Wafaransa ambao kwa miaka mingi walikuwa na hisa nyingi katika Bamburi yetu ya saruji, walikuwa na kiwanda huko Jalabiya, Syria. Vita vilipopamba moto mwaka wa 2012, waliwaondoa wafanyakazi wa kigeni na kuwaacha Wasyria waendelee na kazi. Ili malori yapite na saruji itoke, fedha zikawafikia Islamic State. Mwaka wa 2022 kampuni hiyo ilikiri kosa mbele ya mahakama ya Marekani na kukubali kutoa takriban dola milioni 778. Hakuna aliyeamka asubuhi moja akaamua kufadhili magaidi. Walianza kwa kulipia vizuizi vya barabarani.

Vizuizi tunavijua. Shemeji yangu huendesha trela kutoka Mombasa hadi Juba. Kutoka Nimule, mpakani mwa Uganda na Sudan Kusini, hadi Juba ni kilomita 192 za lami, na kila anaposimamishwa na mwenye bunduki hutoa kitu. Risiti hupewa hapa na pale. Penginepo ni mkono tu dirishani. Akirudi, tajiri wake huandika yote kwa jumla, "gharama za njiani", hadithi ikaishia hapo. Madereva wamegoma mara kadhaa pale Elegu, upande wa Uganda wa mpaka huo, wakidai ulinzi, maana wenzao wameuawa kwenye barabara hiyo, na sisi huku tunalalamika kwamba mzigo umechelewa.

Sisemi kampuni zetu ziondoke. Mwenye duka wa Juba anahitaji mahali pa kuweka pesa zaidi ya chini ya godoro, na kampuni inayokimbia kila mlio wa risasi haimfai mtu. Ila sisi tunaowasha moto kila mwekezaji wa kigeni anapowanyanyasa vibarua wa mashamba ya chai Kericho tukumbuke kwamba kule Juba mgeni ni sisi.

Ombi langu ni kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Kampuni yoyote iliyo kwenye Soko la Hisa la Nairobi na inayofanya kazi penye vita iandike katika ripoti ya mwaka wafanyakazi wenyeji walifanyiwa nini mapigano yalipozuka, bima yao inagharimia nini, na ni fedha gani zilizolipwa barabarani, kwa nani. Na wanahisa wenzangu: mikutano mingi siku hizi ni ya mtandaoni na maswali hutumwa mapema, kwa hivyo swali la mtu mmoja ni rahisi kurukwa. Tulitume wengi.

Mwanahisa mdogo,
Umoja, Nairobi